Saa kwanza, picha baadaye

Anayetaka kucheza Gran Turismo 4 kwenye kompyuta ya leo kwa kawaida huanza na picha. Gemu hiyo ilitoka Japani Desemba 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, ikiwa na magari zaidi ya 700, na picha ya kawaida ya mashine ile ilikuwa na mistari 448 hivi. Ukiitandaza kwenye skrini kubwa ya sasa, inachakaa. Emuleta, yaani programu inayoigiza mashine nzima ya zamani ndani ya kompyuta, ina dawa yake: PCSX2, inayopatikana bure, inaweza kuichora picha hiyohiyo kwa ukubwa mara mbili, mara tatu, hata zaidi. Lakini gemu ya mbio huishi kwa saa, na saa ndiyo ya kwanza kuharibika pale mipangilio inapofuata macho.

Emuleta ikielemewa, haipunguzi picha peke yake. Mashine yote iliyoigizwa hupungua mwendo pamoja na saa yake. Tuseme inafikia asilimia 80 ya kasi inayotakiwa. Raundi ambayo gemu inaiandika dakika 2 itakuwa imekuchukua dakika 2 na nusu za saa ya ukutani. Kona zinakujia polepole, unapata muda wa kufikiri ambao waliotengeneza gemu hawakukupa, kisha muda wako unaandikwa kama rekodi halali. Hiyo ni gemu nyingine, rahisi zaidi.

Wengi hujibu kwamba namba ya kasi kwenye skrini inasoma 100, basi mambo yako sawa. Si lazima. Kuna mpangilio unaoifanya prosesa iliyoigizwa iruke baadhi ya mizunguko yake ya kazi, ili kompyuta dhaifu ipumue. Namba inapanda, huku gemu yenyewe ikidondosha fremu na gari likisogea kwa mikupuo. Afadhali mpangilio huo ubaki sifuri. Vivyo hivyo na marekebisho ya hesabu: prosesa ya PlayStation 2 ilikuwa na namna yake ya kukokotoa desimali, tofauti na kompyuta za kawaida, na PCSX2 ina orodha ya marekebisho ya kila gemu inayojiwasha yenyewe. Kuyachokoa bila sababu ni kutafuta balaa.

Kidole nacho kina sehemu yake. Vitufe vya pedi ya DualShock 2 vilihisi nguvu ya kubonyezwa, na gemu hii ilivitumia kwa mafuta na breki. Vitufe vya pedi nyingi za leo ni vya kuwaka au kuzima tu, kwa hiyo gari lenye nguvu hupewa mafuta yote kwa mkupuo na kuserereka kwenye kona; mchezaji huilaumu gemu bure. Peleka mafuta na breki kwenye vile vitufe vya nyuma vinavyobonyea kidogokidogo.

Kuhusu uhalali, mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, iliilinda kazi ya kuichambua mashine ili kuunda emuleta. Haikuhalalisha kupakua kila kitu. BIOS, programu ya ndani ya mashine ambayo PCSX2 inaihitaji, ni mali ya Sony. Njia safi ni kuinakili kutoka kwenye mashine yako mwenyewe, na gemu kutoka kwenye diski yako.

Je, picha nzuri ni dhambi? Hapana. Kuikuza ni kazi ya kadi ya grafiki, ilhali mzigo wa kuigiza prosesa hubebwa na prosesa ya kompyuta, hivyo mwenye kadi nzuri anaweza kupata vyote viwili. Kipimo kiwe mahali penye msongamano, kama mwanzo wa mbio ambapo magari yote sita yamebanana. Kasi ikishuka hapo, teremsha picha ngazi moja na uanze mbio upya.