Kuhama Mbagala kwenda Bunju: Mkopo, Tiba na Kazi ya Mtu Mwenye Ulemavu

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Mbagala, katika Manispaa ya Temeke, anayetumia kiti cha magurudumu tangu alipoumia uti wa mgongo. Anashona sare za shule pamoja na wenzake wanne wenye ulemavu. Cherehani chake ni cha umeme. Kikanyagio kimehamishiwa juu ya meza, naye hukibonyeza kwa kiwiko. Mashine hizo kikundi kilizinunua kwa mkopo wa halmashauri. Sasa kaka yake, ambaye wanaishi pamoja, amejenga Bunju, upande wa pili wa jiji, na familia nzima inahama. Ni safari ya zaidi ya kilomita 30, yote ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam. Swali ni je, kazi yake itahama pamoja naye?

Mfano huu ni wa kutunga, lakini mazingira yake ni halisi.

Msaada uliofungwa kwenye halmashauri

Kila halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wajibu huo uliwekwa katika sheria ya fedha za serikali za mitaa mwaka 2018, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2019. Serikali iliisimamisha mikopo hiyo Aprili 2023, kisha ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Fedha hizo ni za halmashauri, na hutolewa hasa kwa vikundi vilivyosajiliwa katika halmashauri hiyo. Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kwa hiyo fundi wetu anapofika Bunju yumo mkoa uleule, lakini yumo katika Manispaa ya Kinondoni. Deni la kikundi linabaki Temeke, na wenzake wanaendelea kulilipa wakiwa wamepungukiwa mikono miwili ya kushona. Yeye naye anaanza upya: mtaa usiomjua, afisa maendeleo ya jamii asiye na kumbukumbu zake, na kikundi kipya cha kutafuta.

Tena si kila anayehama huchagua kuhama. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, kaya zilizokuwa zikiishi katika Bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni, mbali na wateja na majirani waliowazoea. Wengine walibadilishiwa halmashauri bila kuondoka nyumbani. Wakazi wa Kimara na Mbezi, waliokuwa chini ya Kinondoni, wako Ubungo tangu manispaa hiyo ilipoundwa.

Haki inayovuka mipaka

Katiba ya nchi yetu, ibara ya 17, inampa kila raia uhuru wa kwenda na kuishi atakako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazungumzia uhuru wa kuchagua makazi katika ibara ya 18, na haki ya kufanya kazi katika ibara ya 27. Fundi wetu anazo haki zote mbili. Asilazimike kuiacha moja ili aipate nyingine.

Zipo pia nyenzo zisizofungwa na mpaka wa manispaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, awe Temeke au Kinondoni. Chuo cha watu wenye ulemavu cha Yombo, kilichopo Temeke, hufundisha ufundi stadi, na ujuzi huo mhitimu huhama nao popote aendako.

Mwili nao unahama

Sisi wa taaluma za afya tunalo fungu letu. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mfumo unaoutazama ulemavu kama matokeo ya kukutana kwa hali ya mwili na mazingira. Mtu aliyejitegemea kwenye kibaraza chenye sakafu ya saruji huenda asijitegemee mahali ambapo magurudumu yanazama mchangani na choo kina ngazi. Akikaa muda mrefu bila kubadili mkao, au mto wa kiti ukichakaa bila fundi wa kuutengeneza, anaweza kupata vidonda vya mgandamizo, na kidonda kimoja kinaweza kumtoa kazini kwa miezi. Mrija wa mkojo, dawa na mazoezi ya viungo navyo havingoji mkopo mpya.

Kabla ya kufunga mizigo

Mpango wa kuhama uanze mapema. Kikundi kikae na afisa maendeleo ya jamii kabla mwanachama hajaondoka, na makubaliano kuhusu deni na mashine yaandikwe. Mhamaji achukue barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa anaotoka, kisha ajitambulishe mapema kwa mwenyekiti wa mtaa mpya na kwa afisa ustawi wa jamii wa kata. Kliniki impe muhtasari wa matibabu unaotaja kifaa anachotumia, vipimo vyake na marekebisho ya kazini, kile kikanyagio cha mezani kikiwemo. Bila maelezo hayo, mtaalamu wa Kinondoni ataanza kubahatisha jambo ambalo mwenzake wa Temeke alikwisha kulitatua.

Hata hivyo, mzigo huu usiachwe kwa mhamaji peke yake. Halmashauri za mkoa mmoja zinaweza kukabidhiana taarifa za mkopaji, ili rekodi yake njema ya marejesho Temeke itambuliwe Kinondoni. Nasi watumishi wa afya tuongeze swali moja kwa kila mgonjwa anayetuaga kwamba anahama: je, huko uendako utafanya kazi gani, na utaifanyaje?