Hesi za Mabomba na Maana ya "Nusu Inchi"

Hesi, kwa maana itumikayo hapa, ni mfuo unaozunguka ncha ya bomba, au ndani ya kiungo chake, ili viwili hivyo vishikane. Parafujo, neno lenye asili ya Kireno, ni chombo kizima. Hesi ni mfuo wake tu, na kuyachanganya maneno hayo ni kumpotosha msomaji. Mafundi huiita hesi ya nje dume na ya ndani jike, nayo majina hayo yanatosha kabisa.

Taabu huanza hesi inapotajwa kwa kipimo. Nusu inchi ni milimita 12.7, lakini kipenyo cha nje cha hesi "ya nusu inchi" hukaribia milimita 21. Asili ya jina ni tundu la bomba la chuma la zamani. Kuta za bomba zilipofanywa nyembamba, kipenyo cha nje kiliachwa kama kilivyokuwa ili hesi ziendelee kupatana. Tundu likapanuka, jina likabaki.

Zaidi ya hayo, jina hilo moja limebeba hesi mbili zisizopatana. Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza hesi ambayo pembe baina ya jino na jino ni digrii 55, na vilele vya meno ni vya mviringo. Hesi za mabomba za Kiingereza zilifuata umbo hilo, nazo ndizo zilizozoeleka Afrika Mashariki. Marekani ilishika digrii 60, na mwaka 1886 hesi za Robert Briggs zilikubaliwa huko kuwa kanuni ya mabomba.

Katika kipimo cha inchi moja tofauti haifichiki: hesi ya Kiingereza ina meno 11 kwa inchi, ya Kimarekani 11 na nusu. Hatari imo katika nusu inchi na robo tatu, ambamo zote mbili zina meno 14. Dume la Kimarekani huingia katika jike la Kiingereza, hukaza, na mkono wa fundi husadiki. Kumbe kipenyo ni milimita 21.336 dhidi ya 20.955, na pembe hazilingani. Hubaki njia nyembamba ya kuvujia. Katika bomba la maji hasara yake ni matone. Katika mtambo uendeshwao kwa mgandamizo wa mafuta, uvujaji huo huweza kuwa mshale unaotoboa ngozi.

Ipo tofauti nyingine, ambayo yafaa itajwe kwa maneno "hesi mchongoko" na "hesi sambamba". Ya kwanza huziba kwa meno yenyewe, maana kipenyo chake hupungua kipimo 1 kwa kila vipimo 16 vya urefu; katani au utepe humalizia tu. Ya pili hushika bila kuziba, na kuziba ni kazi ya washa. Katika hesi za Kiingereza, dume mchongoko hutiwa alama R na hesi sambamba yenye washa G. Mchongoko wa Kimarekani huandikwa NPT. Basi aagizaye "kiungo cha nusu inchi" pasipo alama hizo ameagiza vitu vitatu kwa jina moja.