Waya wa Spika na Bei Yake: Sikio Linasikia Nini?

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyejulikana kwa kuchunguza madai ya miujiza, aliahidi dola milioni 1 kwa yeyote ambaye angeweza, kwa kusikiliza tu, kutofautisha nyaya za spika zilizouzwa dola 7,250 na nyaya nyingine za bei ya chini mno. Fedha hizo hakuna aliyezichukua, kwa sababu jaribio halikufanyika. Watengenezaji wa nyaya hizo walijitoa mapema. Jaribio lisilofanyika haliwezi kuwa ushahidi wa upande wowote, wala silitumii hivyo. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha jambo ambalo mjadala wa nyaya husahau kila mara: swali hili lina jibu. Si suala la ladha, kama mtu kupenda taarabu na mwenzake kupenda dansi. Ama masikio yanasikia tofauti au hayasikii, na hilo hupimika. Na ukilifuata hadi mwisho, unajikuta umeuacha waya na kuingia kichwani mwa msikilizaji, ambako ndiko kwenye mambo mazito.

Tuanze na waya. Kazi yake ni kupeleka umeme kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika bila kuumeza njiani. Kinachoumeza ni ukinzani, na ukinzani hutokana na aina ya metali, urefu na unene. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wa unene ule ule ambao mafundi huupitisha ukutani kwa ajili ya soketi. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme unasafiri mita 10, kwenda na kurudi, na ukinzani wa safari nzima ni kama omu 0.07. Spika ya nyumbani yenyewe huwa ya omu 8, au 4. Ukipiga hesabu kwa ile ya omu 8, sauti inapungua kwa chini ya desibeli 0.1, ilhali sikio la binadamu huanza kutambua badiliko la ukubwa wa sauti pale linapokaribia desibeli 1; kwa msikilizaji makini ndani ya chumba kimya, labda nusu ya hapo au chini kidogo. Madini ya fedha, ambayo ndiyo fahari ya nyaya nyingi za anasa, hupitisha umeme kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi. Faida hiyo unaipata kwa kununua shaba nene zaidi kidogo. Wapo wanaosema sauti nyembamba hukimbilia pembeni mwa waya na kuacha katikati pakiwa patupu. Ni kweli kwamba umeme wa mawimbi ya kasi hupenda pembeni, lakini hata kwenye hezi 20,000, ukomo wa juu wa masikio ya kijana, bado unapenya karibu nusu milimita ndani ya shaba, na waya tunaouzungumzia una kipenyo kisichofika milimita 2. Ukinzani unapanda kutoka kidogo hadi kidogo kingine.

Hii haina maana kwamba nyaya zote ni sawa. Waya mwembamba kama uzi, ule unaokuja bure ndani ya boksi la redio, ukivutwa mita 5 unaweza kupunguza sauti kwa karibu desibeli 1 nzima, na kwa kuwa ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na noti, hasara hiyo haigawanyiki sawasawa: noti nyingine zinaumia kuliko nyingine. Hapo sikio linasikia. Waya wa gitaa la umeme nao una athari ya kweli, kwa sababu ishara ya gitaa ni dhaifu, na waya mrefu hufifisha noti za juu. Maikrofoni jukwaani zinahitaji nyaya zilizokingwa vizuri dhidi ya mvumo. Lakini katika mifano yote hii dawa ni ya kawaida na bei yake ni ya kawaida: waya mnene zaidi, au mfupi zaidi, au wenye kinga. Nyaya za kidijitali hazina hata nafasi hiyo. Zinapeleka sifuri na moja. Zikishindwa, sauti hukatikakatika au hunyamaza kabisa, haigeuki ikawa laini au yenye joto. Na waya ghali wa kuchomeka ukutani unadai muujiza mkubwa kuliko yote. Umeme wa bwawa la Kidatu umesafiri mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam juu ya minara, umepita kwenye transfoma na nguzo za mtaani na ndani ya kuta za nyumba, kisha tuambiwe kwamba mita moja na nusu ya mwisho ndiyo itakayousafisha.

Hata hivyo watu wanasikia tofauti. Hawadanganyi, na ni kosa kuwadhihaki. Mtu analipa, anabadilisha waya, anakaa, anapiga wimbo anaoujua, na sauti ya mwimbaji inamjia safi kuliko jana. Sayansi ya usikivu inalieleza jambo hili vizuri. Kumbukumbu ya sauti katika undani wake hudumu sekunde chache tu, na kubadilisha waya huchukua dakika kadhaa. Anacholinganisha ni sauti ya sasa na hadithi ya sauti ya zamani. Sauti ikipanda kidogo tu, kiasi ambacho mtu hakitambui kama ongezeko, huipokea kama ubora. Tena tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio husikia besi vizuri zaidi kadiri ukubwa wa sauti ya muziki unavyopanda. Isitoshe, njia ya neva kati ya sikio na ubongo si ya upande mmoja. Zipo neva zinazoshuka kutoka ubongoni hadi kwenye koklea, kile kiungo cha ndani kilichojipinda kama gamba la konokono. Anayesikiliza kwa makini anayotarajia kuyasikia husikia yaliyokuwa humo siku zote.

Juu ya hayo kuna bei yenyewe. Mwaka 2008 mtafiti Hilke Plassmann na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika California. Watu 20 walionjeshwa mvinyo wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Mvinyo ule ule ulitajwa mara moja kuwa wa dola 10 na mara nyingine wa dola 90. Waliupenda zaidi ulipokuwa wa 90, na picha zilionyesha sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya macho, inayohusika na raha, ikichangamka zaidi. Sehemu zinazopokea ladha kutoka ulimini hazikubadilika. Raha ilikuwa ya kweli. Ladha ilikuwa ile ile. Sioni sababu ya kudhani kwamba masikio yana kinga ambayo ulimi hauna. Watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha mwaka 1994 kwamba wasikilizaji, wakiwemo wazoefu, walitoa alama tofauti kwa spika zile zile pale walipoziona na pale zilipofichwa nyuma ya pazia.

Ndiyo maana watafiti wa dawa humpa mgonjwa kidonge bila yeye wala muuguzi kujua kama ndani mna dawa. Kwa sauti, njia ya namna hiyo ilielezwa na watafiti wa maabara ya Bell Labs mwaka 1950, na jarida la Marekani la Stereo Review liliitumia kwa nyaya za spika mwaka 1983. Waya mwembamba sana ulitambulika. Waya mnene wa kawaida na waya wa kifahari, ukubwa wa sauti uliposawazishwa, hazikutenganishika.

Kuna anayepinga kwamba mashine haziwezi kupima kila ambacho sikio linasikia. Sawa, lakini jaribio la kificho halitumii mashine; linatumia sikio lenyewe na kuliondolea macho. Mwingine husema majaribio ni mafupi na yanatia wasiwasi. Basi na ayafanye nyumbani kwake, kwa wiki nzima akitaka, rafiki akibadilisha nyaya yeye akiwa nje ya chumba. Anayebahatisha hupata 9 au zaidi kati ya 10 mara 1 hivi katika kila mara 100, kwa hiyo atakayefika hapo ana jambo la kutueleza. Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la tatu: kama raha ni ya kweli, kuna ubaya gani kuinunua? Kwa mwenye nazo, hakuna. Lakini tangazo halimuuzii raha ya bei. Linamuuzia madai ya fizikia, na anayelipokea mara nyingi ni kijana anayeweka akiba miezi mingi. Huyo anadhulumiwa.

Na anadhulumiwa mahali ambapo pana cha kupoteza zaidi ya fedha: usikivu wenyewe. Kila koklea huzaliwa na seli za vinyweleo kama 15,000, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Noti za juu, zile zile ambazo waya ghali huahidi kuzifungua, ndizo za kwanza kutoweka kwa umri na kwa kelele. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Kiwango chake cha usalama ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, saa hizo zinabaki 4.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, omba waya wa shaba wa 1.5 au 2.5, ukatiwe mita unazohitaji. Kitu kimoja tu cha kuchunguza dukani ni kama shaba ni shaba, kwa maana baadhi ya nyaya ni alumini iliyovikwa shaba juu, na ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba halisi au zaidi. Mwombe muuzaji akukwangulie ncha kwa wembe. Ndani kukiwa kweupe, chukua unene wa juu yake au nenda duka la pili.