Uhuru wa Rwanda Ulianza Siku Gani?

Asubuhi isiyo na ukungu, mtu akisimama hapa Bunagana huuona mlima Sabinyo, na vilele vyake vimechongoka kama meno ya mzee. Juu yake hukutana nchi tatu: Kongo, Uganda na Rwanda. Rwanda ndiyo ndogo kuliko zote, wala haina bahari. Lakini uhuru wake ulibishaniwa sana.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: “Mwalimu, Rwanda ilipata uhuru siku gani?” Nikamjibu kama vitabu visemavyo: tarehe 1 Julai 1962. Kesho yake akaja na ujumbe wa babu yake kwamba nimekosea. Kwa hesabu ya mzee, mambo yaliamuliwa Gitarama, mwezi wa Januari 1961. Sikukasirika, kwa maana mzee alikuwa na hoja.

Tukumbuke kwanza mipaka. Mwaka 1910 Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji walikutana Bruxelles wakaigawa milima hii: Bufumbira ikawa ya Waingereza, Bwisha ya Wabelgiji, na Rwanda ikabaki kwa Wajerumani. Wenyeji hawakuulizwa, na watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya bendera mbalimbali. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wabelgiji wakaitwaa Rwanda, nao baadaye wakaisimamia pamoja na Burundi kwa dhamana ya mataifa. Walitawala kwa mkono wa Mwami na machifu Watutsi. Mwami Musinga alipowakaidi, walimwondoa mwaka 1931 wakamtawaza mwanawe Rudahigwa.

Rudahigwa alifariki ghafula Usumbura mwezi wa Julai 1959. Mwezi wa Novemba yakazuka mapigano. Watutsi wengi wakakimbilia nchi jirani, wengine Uganda, wengine Kivu. Mwami mpya, Kigeli wa Tano, alitoka nchini mwaka 1960, na Wabelgiji wakamkataza kurudi.

Basi Umoja wa Mataifa ukaomba uchaguzi uliokuwa karibu uahirishwe, ili watu wapatanishwe kwanza. Uliahirishwa kweli. Lakini tarehe 28 Januari 1961 mameya na madiwani wapatao 3,000 walikusanyika Gitarama, wakaufuta ufalme na kutangaza jamhuri. Dominique Mbonyumutwa akawa rais. Grégoire Kayibanda, aliyepata kuwa mhariri wa gazeti la Kikatoliki Kinyamateka, akaongoza serikali. Kanali Guy Logiest, mwakilishi wa Ubelgiji, aliwaunga mkono.

Hapo ndipo penye ubishi. Watu wa Mwami waliuliza: jamhuri iliyozaliwa chini ya ulinzi wa mkoloni ni uhuru wa namna gani? Wenzao wakajibu kwamba Wahutu, walio wengi, walikuwa wametawaliwa muda mrefu bila sauti. Kwa maoni yangu, kila upande ulisema kweli nusu, na nusu iliyobaki haukutaka kuisikia.

Umoja wa Mataifa ulidai wananchi wenyewe waulizwe. Tarehe 25 Septemba 1961 watu wanne kwa kila watano waliopiga kura waliukataa ufalme, na chama cha Kayibanda kikapata viti 35 katika 44. Hata hivyo Umoja huo ulitamani Rwanda na Burundi ziwe nchi moja. Haikuwezekana: Burundi ilikuwa na Mwami wake, Rwanda haikumtaka mfalme yeyote. Zikapewa uhuru mbalimbali, siku moja.

Wakimbizi walibaki nje. Mwezi wa Oktoba 1990 watoto wao waliingia Rwanda kwa silaha wakitokea Uganda, na mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi, wakashika serikali. Kigeli hakurudi akiwa hai. Alifia Marekani mwaka 2016, akazikwa Nyanza mwaka uliofuata.

Siku hizi Rwanda ina sikukuu mbili katika juma moja la Julai: tarehe 1 ni ya Uhuru, tarehe 4 ni ya Ukombozi. Nilimwandikia mzee tarehe hizo zote kwenye karatasi. Yeye bado anashika ile ya Gitarama.