Waalimu Wanafunzi katika Darasa la Watoto Wadogo

Kila mwaka vyuo vya ualimu katika nchi ya Tanzania huwatuma wanafunzi wao mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Vijana hao hufika na sanduku la nguo na madaftari yao, wakapokewa na mwalimu mkuu, wakagawiwa madarasa. Wengine hupelekwa katika darasa la awali, ndilo darasa la watoto wadogo wasiojua bado kusoma wala kuandika. Watu wengi hudhani kwamba hao ndio waliopata kazi nyepesi. Husema, "Kuimba na kucheza, kuna ugumu gani?" Wasemao hivyo hawajakaa hata asubuhi moja katika darasa hilo.

Basi, ndugu wasomaji, wengi wenu ni waalimu, na wengine ni wazazi wa watoto hao, na wengine wana binti au mwana aliyeko chuoni. Kwa hiyo twaona yafaa tuseme jinsi vijana hawa wapasavyo kupokewa na kulelewa katika kazi. Neno letu ni moja: mwalimu mwanafunzi si mgeni wa kuketishwa kitini, wala si mchukuzi wa kutwishwa mzigo wa mwingine. Yeye ni mwanagenzi, na mwanagenzi hujifunza kwa kutenda kazi, fundi wake akiwa karibu.

Yafaa kwanza tujue hali ya madarasa yenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyoingiza elimu ya awali katika mpango rasmi wa serikali. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima, mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Kisha michango ya lazima ilipoondolewa mashuleni mwaka 2016, watoto wakamiminika. Mwaka 2015 walikuwa kama milioni 1 katika nchi nzima. Mwaka uliofuata wakapita milioni 1 na nusu. Kipimo kilichowekwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, walakini ziko shule nyingi ambazo mwalimu huyo mmoja ana watoto mara mbili au mara tatu ya hao.

Katika hali hiyo kuna makosa mawili. Kosa la kwanza ni la mwalimu aliyechoka. Amwonapo kijana mlangoni husema, "Nimepata msaidizi," akaondoka. Kijana abaki peke yake mbele ya watoto themanini, huyu analia, huyu amekojoa, hawa wanapigana. Atafanya nini? Atashika fimbo, au atawaimbisha herufi wote pamoja mpaka saa ya uji. Na kwa kuwa njia hiyo ilimwokoa siku ya taabu, ataishika maisha yake yote. Kosa la pili ni la mwalimu mwenye wivu wa darasa lake. Humketisha kijana nyuma majuma mengi, amnolee penseli na kufagia, kisha siku ajapo mkufunzi wa chuo ndipo ampapo chaki. Wa kwanza ametupwa majini kabla hajajua kuogelea. Wa pili hajalowa hata unyayo.

Njia iliyo njema ni ya katikati, nayo huenda kwa hatua. Juma la kwanza kijana na ajifunze majina ya watoto, na kutazama. Lakini asitazame hivi hivi tu; mwalimu mlezi ampe jambo la kutazama. Kwa mfano, leo awatazame watoto watatu wasiosema kamwe, aone wacheza na nani. Kesho atazame jinsi watoto wanavyotoka kwenye wimbo na kuingia katika kazi ya mikono, maana hapo ndipo fujo huzaliwa. Juma la pili apewe kundi dogo, watoto sita au wanane, awasimulie hadithi chini ya mti au kuongoza kona moja ya kujifunzia. Baadaye apewe somo moja kwa darasa lote, kisha asubuhi nzima. Mwalimu mlezi asiondoke. Apunguze sauti yake, lakini macho yake yabaki.

Tena, fundi na aseme sababu za kazi yake. Kijana amwona mwalimu akisogea kwa mtoto fulani na kumpa kazi ya kugawa vijiti, wala hajui kwa nini. Asipoambiwa kwamba mtoto yule alikuwa karibu kuanza ugomvi, hatajifunza neno.

Tena yako mazungumzo baada ya somo, nayo ndiyo kiini cha malezi yote. Chukueni mfano huu. Binti mmoja mwanafunzi afundisha kuhesabu hadi tano. Watoto waitika vizuri, naye afurahi. Mwalimu mlezi ameona kosa, lakini hamkatizi mbele ya watoto. Wakiisha kwenda nyumbani amwuliza, "Mwanangu, yule mtoto aliyekaa karibu na dirisha, ulipompa vizibo vya soda alihesabuje?" Binti ajibu, "Alihesabu mpaka tano, Mwalimu." "Na vizibo vilikuwa vingapi?" Binti anyamaza, akumbuka. "Vilikuwa vitatu." Basi mwenyewe ameona kwamba mtoto ajua wimbo wa hesabu, hajajua hesabu. Kesho yake hawaimbishi tu, apita kwa kila kundi akisema, "Nipe vizibo vitatu. Sasa nipe viwili." Kama angaliambiwa tu, "Somo lako lilikuwa baya," angalilia usiku, na asubuhi angalirudia lile lile.

Kwa hiyo mlezi na aulize kwanza, kijana aseme alichokiona. Kisha amsifu kwa jambo moja la kweli, na amwonyeshe jambo moja la kurekebisha, si kumi. Yaandikwe katika daftari, na kesho yatazamwe tena.

Mtu asiseme kwamba haya ni maneno ya vitabuni tu. Katika pwani yetu shule za awali za madrasa zilianzishwa Mombasa mwaka 1986, chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said na kwa msaada wa Shirika la Aga Khan. Zikaenea Unguja mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Wanawake wa mitaa ile ile walichaguliwa kuwa waalimu. Hawakufundishwa kituoni tu na kuachwa. Wakufunzi waliwafuata darasani, wakatazama, wakazungumza nao, wakarudi tena. Malezi hayo ya karibu ndiyo yaliyowatengeneza.

Habari ya fimbo nayo isifichwe. Nchini Kenya adhabu ya viboko mashuleni ilikatazwa mwaka 2001. Hapa Tanzania kanuni za mwaka 2002 zaweka mamlaka ya viboko kwa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi; si kwa kila mwalimu, sembuse mwanafunzi wa chuo. Mtoto wa miaka mitano aliaye kwa kumtaka mama yake hana kosa. Kijana na aone mlezi wake akiinama, akimshika mkono na kumpa kazi ndogo. Akiliona hilo mara kumi, atalifanya yeye.

Na siku ya mkufunzi kuja, msiazime picha za darasa jingine, wala msiwakaririshe watoto majibu. Mlezi asitie alama kwa huruma. Alama ya uongo haimsaidii kijana. Yawapeleka watoto wengi wa kesho kwa mtu asiyejua kazi.

Enyi wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Mwiteni kijana huyo Mwalimu mbele ya watoto, wala msimwite mtoto wa shule. Msimlaumu daftari likiwa tupu. Vidole vya mtoto hupata nguvu kwa kufinyanga udongo na kupanga vijiti kabla ya kushika penseli. Na mwenye chumba amkaribishe, maana mgeni asiyejua atalala wapi hawezi kuandaa somo la kesho.

Basi kabla kundi jingine halijafika, waalimu wakuu na wachague sasa mlezi mvumilivu, na nyumbani tuanze kukusanya vizibo, magunzi na mbegu. Kazi hiyo haina gharama, na watoto wenyewe wataifanya kwa furaha.