Uteuzi wa Redio ya CB na Antena kwa Malori ya Safari Ndefu Nchini Marekani: Kwa Nini Antena Hutangulia Redio

Ikisiri

Makala hii inafafanua vigezo vya kuteua redio ya CB na antena kwa lori linalosafiri katika barabara kuu za Marekani. Hoja yake kuu ni kwamba, kwa kuwa sheria imeweka ukomo mmoja wa nguvu kwa redio zote za aina hii, tofauti ya utendaji kati ya lori moja na jingine hutokana zaidi na antena, mahali ilipofungwa na namna ilivyopimwa, kuliko bei ya redio yenyewe. Makala inaanza na usuli wa huduma hiyo, kisha inajadili ukomo wa nguvu, antena, upimaji, na mwisho redio. Neno "masafa" limetumika humu kwa maana ya idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Nafasi kati ya mahali na mahali imeitwa "umbali".

1.0 Utangulizi

Dereva anayekuta ajali mbele yake katika ukungu hana namba ya simu ya dereva aliye nyuma yake, na hata angekuwa nayo, huenda mahali hapo hapana mtandao wa simu. Lori linalomfuata linaweza kuwa katika mwendo wa kilomita 105 kwa saa, yaani takribani mita 29 kwa sekunde. Likiwa limesheheni, huhitaji kiasi cha mita 160 ili kusimama, hata barabara ikiwa kavu. Penye barafu huhitaji zaidi.

Redio ya CB hutatua sehemu ya tatizo hili kwa sababu haimlengi mtu mmoja. Kila aliye karibu na aliyefungua chaneli ileile husikia. Onyo likimfikia dereva akiwa umbali wa kilomita 8 kutoka penye ajali, anazo dakika nne na nusu za kupunguza mwendo. Likimfikia akiwa umbali wa kilomita 1, anazo sekunde 34 tu. Kwa hiyo umbali ambao redio inasikika wazi ni suala la usalama wa dereva na wa wenzake barabarani, na ndio unaopaswa kuongoza uteuzi wa vifaa.

2.0 Usuli wa Huduma ya CB

CB ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya "bendi ya raia". Mwaka 1958 Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) iliwafungulia raia chaneli 23 katika masafa ya karibu megahezi 27. Huduma hii ilienea sana miongoni mwa madereva wa malori baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973. Serikali ilipoweka ukomo wa mwendo wa maili 55 (kilomita 89) kwa saa mwaka 1974, madereva waliitumia CB kuulizana ni kituo gani chenye mafuta na kuarifiana askari walipo. Mwaka 1977 chaneli ziliongezwa kufikia 40, zilizopangwa kati ya megahezi 26.965 na 27.405, na mpangilio huo ndio unaotumika hadi leo.

Mambo matatu ya kisheria na kimazoea yanagusa uteuzi wa vifaa moja kwa moja. Kwanza, mtumiaji hahitaji leseni binafsi, ila hulazimika kutumia redio iliyoidhinishwa na FCC. Pili, chaneli 9 imetengwa kwa dharura na kuwasaidia wasafiri, ilhali chaneli 19 imekuwa chaneli ya madereva wa malori kwa mazoea, si kwa sheria. Tatu, kanuni ya shirikisho iliyoanza kutumika mwaka 2012 ilipomkataza dereva wa gari la biashara kushika simu ya mkononi akiendesha, redio za CB hazikuhesabiwa kuwa simu. Hata hivyo, sheria za majimbo kuhusu vifaa vya kushika mkononi hutofautiana.

3.0 Ukomo wa Nguvu na Maana Yake

Redio ya CB inayotumia mfumo wa AM hairuhusiwi kutoa zaidi ya wati 4. Katika mfumo wa upande mmoja wa wimbi, unaojulikana kwa kifupi SSB, ukomo ni wati 12 kwenye kilele cha sauti. Mwaka 2021 FCC iliruhusu pia mfumo wa FM. Matokeo ya ukomo huu ni kwamba redio ya bei ndogo na ya bei kubwa, zote zikiwa katika AM, hutoa wati 4 zilezile.

Baadhi ya madereva hujaribu kuvuka ukomo huo kwa kufunga vikuza nguvu, ambavyo haviruhusiwi katika huduma hii. Licha ya kuvunja sheria, faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ili mshale wa mita ya redio inayopokea upande kwa daraja moja tu, nguvu inayotumwa huhitaji kuongezwa mara nne, yaani kutoka wati 4 hadi 16. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kikuza nguvu humsaidia dereva kusema bila kumsaidia kusikia. Dereva wa namna hiyo hupaza sauti kwa watu ambao majibu yao hayamfikii. Antena iliyo bora hufanya kazi pande zote mbili: hutuma vizuri na hupokea vizuri. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuitanguliza.

4.0 Uteuzi wa Antena

4.1 Urefu na nafasi ya koili

Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa takribani mita 11. Antena ya gari hufanya kazi vizuri ikiwa robo ya wimbi, yaani karibu mita 2.75. Hata hivyo, katika majimbo mengi lori haliruhusiwi kuzidi kimo cha mita 4.1 hivi, na trela nyingi hukaribia kimo hicho. Fimbo ya mita 2.75 haiwezi kusimamishwa juu ya kabini bila kugonga madaraja.

Suluhisho la kawaida ni kufupisha fimbo na kufidia upungufu kwa koili ya waya. Antena nyingi za malori huwa na urefu wa mita 1.2 hadi 1.5. Koili inaweza kuwa chini, katikati au juu. Sehemu ya antena iliyo chini ya koili hubeba mkondo mkubwa, na ndiyo hurusha sehemu kubwa ya mawimbi. Kwa hiyo koili iliyo katikati au juu humfaa dereva wa lori kuliko ya chini, hasa pale ambapo kitako cha antena kimezibwa na ukuta wa kabini au trela. Kwa jumla, kati ya antena mbili zilizotengenezwa vizuri, iliyo ndefu zaidi hufanya kazi bora, mradi isivuke kimo halali.

4.2 Mahali pa kufungia na chuma cha gari

Fimbo inayoonekana ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni chuma cha gari. Mawimbi hujengeka kati ya fimbo na chuma kilicho chini yake, hivyo pasipo chuma cha kutosha, fimbo nzuri haifanyi kazi inavyopasa. Jambo hili lina uzito kwa malori ya kisasa ya Marekani, kwa kuwa sehemu za kabini nyingi, hasa paa na mabawa ya kukinga upepo, hutengenezwa kwa nyuzi za kioo badala ya chuma.

Sehemu inayotumika zaidi ni mikono ya vioo vya pembeni, kwa kuwa iko juu na ni imara. Lakini mara nyingi mikono hiyo imeshikizwa kwenye mlango, na bawaba zenye rangi na grisi hazipitishi umeme vizuri. Hatua inayopendekezwa ni kuunganisha kitako cha antena na mlango, kisha mlango na fremu ya kabini, kwa utepe mfupi wa waya wa shaba uliosukwa, baada ya kukwangua rangi. Pale ambapo chuma hakipatikani kabisa, ziko antena zilizobuniwa zisitegemee chuma cha gari. Hizi huuzwa pamoja na kebo yake maalumu, na hazipaswi kuchanganywa na kebo ya kawaida.

4.3 Antena moja au mbili

Antena mbili, moja kwa kila kioo, hupendwa na madereva wengi, na wengine huamini kwamba huzidisha nguvu maradufu. Imani hiyo si sahihi. Antena mbili hugawana wati zilezile 4. Kinachobadilika ni umbo la eneo linalofikiwa: mawimbi huelekea zaidi mbele na nyuma, na kupungua ubavuni. Umbo hilo linaifaa barabara, ambako wasikilizaji wengi wako mbele au nyuma ya lori. Ili lijitokeze vizuri, antena zinahitaji kutengana kwa karibu robo ya wimbi, yaani takribani mita 2.7. Kwa kuwa upana halali wa lori ni mita 2.6, nafasi kati ya vioo viwili hukaribia kipimo hicho, jambo lisilowezekana kwenye gari dogo.

Faida nyingine ni kwamba trela inapokizuia kivuli cha antena moja, ya pili hubaki wazi upande wake. Gharama yake ni usumbufu: antena lazima zifanane, zipimwe kwa pamoja, na ziunganishwe kwa kebo pacha yenye ukinzani wa omu 75, tofauti na kebo ya omu 50 inayotumika kwa antena moja. Moja ikivunjika, mfumo wote huharibika. Kwa hiyo antena moja iliyofungwa vizuri ni bora kuliko mbili zilizofungwa vibaya.

4.4 Kebo

Kasoro nyingi zinazodhaniwa kuwa za redio hutokana na kebo. Kebo inayobanwa na mlango kila siku hupondeka ndani huku nje ikionekana nzima, na maji yakipenya kwenye kiungo husababisha kutu. Kebo ipitishwe mahali pasipobanwa, na viungo vizibwe dhidi ya maji.

5.0 Upimaji wa Antena

Antena isiyolingana na redio hurudisha sehemu ya nguvu ilikotoka. Kipimo chake ni uwiano wa mawimbi tuli, unaofahamika kwa mafundi kama SWR. Jedwali Na. 1 linaonyesha maana ya vipimo vinne kwa redio ya wati 4.

Jedwali Na. 1: SWR na nguvu inayorudishwa

| SWR | Nguvu inayorudishwa | Nguvu inayopokelewa na antena |
|---|---|---|
| 1.5 | asilimia 4 | wati 3.8 |
| 2.0 | asilimia 11 | wati 3.6 |
| 3.0 | asilimia 25 | wati 3.0 |
| 5.0 | asilimia 44 | wati 2.2 |

Kipimo cha 1.5 au chini yake ni kizuri, na kisichozidi 2.0 kinakubalika. Kikifikia 3.0, redio isitumike kusemea mpaka kasoro irekebishwe, kwa sababu transista ya mwisho inaweza kuungua.

Upimaji hufanyika mahali pa wazi, mbali na majengo na malori mengine, milango ikiwa imefungwa. Dereva hupima chaneli 1, kisha chaneli 40. Kipimo cha chaneli 1 kikiwa kikubwa kuliko cha 40, antena ni fupi mno na hurefushwa. Cha 40 kikiwa kikubwa, antena ni ndefu mno na hupunguzwa kidogo kidogo. Chaneli zote zikiwa na kipimo kikubwa sana, tatizo huwa si urefu, bali kiungo, kebo au ukosefu wa chuma.

Tahadhari moja inahitajika hapa. SWR ndogo haithibitishi kwamba antena inarusha mawimbi. Kebo mbovu inayomeza nguvu njiani huweza kuonyesha kipimo kizuri, kwa kuwa kinachopotea njiani hakirudi kwenye mita. Kipimo kizuri ni sharti la lazima, ila peke yake hakitoshi. Uthibitisho wa mwisho ni kuzungumza na lori jingine linaloondoka polepole na kuona sauti inapotea katika umbali gani.

6.0 Uteuzi wa Redio

Kwa kuwa nguvu ya kutuma ni ileile, redio huteuliwa kwa uwezo wake wa kupokea na kwa urahisi wa kuitumia gizani. Kidhibiti cha kunyamazisha mvumo na kile cha kupunguza wepesi wa kupokea ni vya msingi, kwani humwezesha dereva kuwasikia walio karibu bila kuchoshwa na walio mbali. Kichuja kelele kinahitajika pia: ingawa injini ya dizeli haina plagi za cheche, jenereta ya gari, taa za LED na vifaa vya kielektroniki huleta mvumo. Chaneli za hali ya hewa, zinazopokea matangazo ya serikali katika masafa ya megahezi 162, zina thamani kwa anayepita majimbo yenye theluji na upepo mkali kama Wyoming. Mita ya SWR iliyojengewa ndani humwondolea dereva haja ya kununua nyingine. SSB huongeza umbali, lakini haina manufaa pale ambapo wengine wote wanatumia AM, kama ilivyo kwenye chaneli 19.

Umeme wa redio uchukuliwe moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri, ili kupunguza mvumo. Malori ya Marekani hutumia volti 12, na redio nyingi zimetengenezwa kwa kiwango hicho. Dereva au fundi aliyezoea malori ya asili ya Ulaya yanayotumika Afrika Mashariki anapaswa kukumbuka kwamba mengi hutumia volti 24. Redio ya volti 12 ikiunganishwa humo bila kipunguza volti itaungua.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ukomo wa wati 4 huhamisha uzito wa uteuzi kutoka kwenye redio kwenda kwenye antena. Mpangilio unaopendekezwa kwa mnunuzi ni huu: kutambua kwanza mahali penye chuma na kimo; kuteua antena inayofaa mahali hapo pamoja na kebo yake; kutenga muda wa kupima; na mwisho kununua redio rahisi yenye vidhibiti vya msingi kwa fedha iliyobaki. Anayeanza na redio na kumalizia na antena yoyote iliyopo dukani huenda akawa na chombo kizuri kisichosikika nje ya eneo la maegesho. Thamani ya chombo hiki hupimwa kwa dakika anazozipata dereva aliye nyuma kabla hajafika penye hatari.