Kwa Nini Watoto Wadogo Hutokwa na Damu Puani?

Mtoto anapotokwa na damu puani, watu wengi huharakisha kumlaza chali. Desturi hiyo haizuii damu. Huielekeza kooni tu, naye mtoto huimeza na pengine kutapika.

Kwa kawaida damu hiyo hutoka sehemu ya mbele ya ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Hapo matawi ya ateri kadhaa hukutana chini ya utando mwembamba, yakisaidia kuipasha joto hewa tuivutayo. Hewa kavu huukausha utando huo, na mafua huuvimbisha. Mtoto akiuchokonoa kwa ukucha, hupasuka. Punje ya mahindi au shanga iliyotumbukizwa puani pia huujeruhi. Dalili yake ni uchafu wenye harufu mbaya utokao tundu moja tu.

Basi mkalishe mtoto, ainame mbele kidogo na kupumua kwa kinywa. Bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia. Damu isipokoma, rudia mara moja. Ikiendelea baada ya hapo, au ikitoka kwenye fizi pia, au mtoto akiwa hajatimiza miaka 2, apelekwe hospitali bila kukawia.